Mlinzi Aliyeondoka Malindi

Askari aliye zamu ufukweni mwa Muhuta, usiku usio na mwezi, huona taa za wavuvi ziwani, na juu yake utepe mweupe wa nyota. Katika utepe huo, upande wa kusini, ndipo ulipo moyo wa galaksi yetu. Hutoa mionzi ya gama, ambayo jicho haliioni na hewa huizuia isifike chini. Anayetaka kuipeleleza sharti aweke mlinzi juu ya hewa.

Mlinzi wa namna hiyo aliondoka Afrika Mashariki. Usiku wa kuamkia 16 Novemba 1972, mwaka ambao huku Rumonge hukumbukwa kwa vilio, setilaiti ya Marekani iitwayo SAS-2 ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilifuata ikweta, mara 15 hivi kwa siku, ikipita kaskazini tu ya mpaka wetu. Ikanasa mionzi ya pulsa za Crab na Vela. Pulsa ni kiini cha nyota iliyolipuka, chenye upana wa kilomita 20 hivi. Ile ya Crab hujizungusha mara 30 kwa sekunde! Tarehe 8 Juni 1973 mtambo wake wa umeme uliharibika, ikanyamaza.

Setilaiti ya Fermi, iliyorushwa mwaka 2008, imekuta katika moyo wa galaksi mng'ao wa gama uliozidi hesabu. Baadhi ya wataalamu hudai ni maelfu ya pulsa kongwe, hafifu mno kuhesabika. Wengine hushuku maada ya giza. Kwa lugha ya polisi, kielelezo kipo, mtuhumiwa hajatambuliwa. Darubini za redio zingali zikizitafuta pulsa hizo, moja moja.