Padri wa Kinu cha Kimuenza

Juni 6, 1959, kwenye kilima cha Kimuenza, nje kidogo ya Léopoldville ambayo leo ni Kinshasa, kiliwashwa kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika. Hapa Nchelenge, Zambia, tarehe hiyo hupita kimya kila mwaka, na inasikitisha, kwa sababu habari yenyewe ilianzia kwa jirani zetu. Ukipiga mstari kutoka Kashikishi, ukavuka Ziwa Mweru kuelekea kusini-magharibi, baada ya kilomita 300 hivi unafika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo.

Urani iligunduliwa huko 1915. Mwanzoni Wabelgiji waliitaka kwa ajili ya radiamu. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alipeleka New York zaidi ya tani elfu moja. 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Yaliyotokea Hiroshima kila mtu anayajua.

Asiyejulikana ni Monsinyori Luc Gillon, padri wa Kibelgiji na mwanafizikia wa nyuklia, aliyekuja Kongo 1954 kuongoza Chuo Kikuu kipya cha Lovanium. Alishikilia kwamba nchi iliyotoa urani isinyimwe elimu yake, na Wamarekani wakakubali kuleta kinu.

Kikaitwa TRICO. Kilikuwa cha aina ya TRIGA, iliyobuniwa California 1956 na kundi la wataalamu akiwemo Freeman Dyson, waliotaka kinu ambacho hata mwanafunzi akikosea hakitaleta maafa. Urani yake imechanganywa na zirkoni na haidrojeni: ikipata joto kupita kiasi, mmenyuko wa nyuklia hupungua wenyewe kabla mtu hajagusa swichi. Nguvu yake ilikuwa kilowati 50 tu, na hakikuzalisha umeme. Kilikuwa cha kufundishia, kutengeneza isotopu za tiba na kilimo, na kupima madini.

Siku hizi mwanasayansi hupimwa kwa hesabu ya mara ambazo makala zake zimenukuliwa na wenzake. Kwa kipimo hicho Gillon hawezi kushindana na wanafizikia waliobaki maabara za Ulaya, maana miaka yake ya nguvu aliimalizia kwenye majengo, bajeti na walimu. Kipimo hicho kinamdhulumu. Mwafrika aliyejifunza kuhesabu nyutroni Kimuenza hatokei kwenye orodha ya marejeo ya padri huyu. Félix Malu wa Kalenga, Mkongo aliyekuja kukiongoza kituo cha kinu hicho, ni matunda ya kazi ile. Mwaka 1972 kiliwashwa kinu cha pili, TRICO II, chenye kilowati 1,000.

Lakini dunia ikikitaja kituo hiki, hutaja vijiti vyake viwili vilivyopotea. Kijiti cha fueli cha TRIGA ni bomba la metali la urefu wa sentimita 72 hivi, nene kidogo kuliko mpini wa jembe, na urani yake imerutubishwa hadi karibu asilimia 20. Viwili viliibwa Kinshasa. Mwaka 1998, polisi wa Italia waliojifanya wanunuzi walikinasa kimoja mikononi mwa wahalifu wenye uhusiano na mafia. Namba iliyochongwa juu yake ilionyesha kimetengenezwa Marekani na kupelekwa Kinshasa. Kijiti kimoja hakitoshi kuunda bomu, ila kwa jina la kituo kilitosha kabisa. Cha pili hakijaonekana mpaka leo. Hivyo wizi wa vijiti viwili umefunika kazi ya miongo minne, na waandishi wa habari, sisi tukiwemo, tumeusaidia.

TRICO II kilizimwa 2004. Vipuri na fedha vilikuwa haba, na mmomonyoko wa udongo unakitafuna kilima cha chuo. Mwaka huohuo, Shinkolobwe, ambako serikali ilikuwa imepiga marufuku uchimbaji, mgodi uliporomoka na kuua wachimbaji wadogo.

Nasi Zambia tulitia saini na Rosatom, shirika la nyuklia la Urusi, mkataba wa kujenga kituo cha sayansi ya nyuklia karibu na Lusaka, chenye kinu cha hadi megawati 10. Hiyo ilikuwa 2018. Vijana walipelekwa kusoma Urusi, na walistahili. Lakini Wakongo waliowahi kuwasha kinu kwa mikono yao, wakakilinda na kukitengeneza wakati wa vita nchini mwao, wako karibu zaidi. Kabla zege la kwanza halijamwagwa, Lusaka iwaalike, iwalipe vizuri, na iwasikilize.