Kuangama Si Kuelea

Anayeanza kurusha helikopta za rimoti hutiwa hasara na kitenzi kabla ya kutiwa hasara na betri. Muulize atafanya nini siku ya kwanza akishawasha mota. Atakwambia ataiinua kidogo, aiache ielee, aizoee. Hapo kwenye "ielee" ndipo hasara inapoanzia. Kuelea hakuna kazi. Ngalawa huelea mwenyewe amelala, na boya huelea usiku kucha bila mlinzi, maana maji yamelibeba. Helikopta ndogo iliyo mita moja na nusu juu ya nyasi haijabebwa hivyo. Iko pale kwa sababu vidole viwili vinaikatalia kuanguka, na vidole hivyo vikizubaa kwa nukta mbili tu, itakwenda pembeni na kujikita ardhini.

Kiswahili kina kitenzi cha hali hiyo, nacho hakikubuniwa juzi: kuangama. Embe lililochomoka kwenye kikonyo likanaswa na tawi la chini limeangama. Ndani ya kuangama mna anguko lililozuiwa. Ndani ya kuelea hamna. Mdiria wa madoadoa meusi na meupe, yule anayevua kandokando ya Ziwa Victoria, huangama juu ya maji kabla ya kujitupa: kichwa kimetulia tuli, mabawa yanapiga kwa haraka isiyohesabika. Huyo haelei. Anafanya kazi. Tena kati ya kuangama na kuangamia kuna herufi moja tu, na anayejifunza ataiona herufi hiyo mapema sana.

Jina lenyewe, helikopta, tumelipata kwa mkono wa Kiingereza, ila aliyeliunda ni Mfaransa, Gustave de Ponton d'Amécourt, mwaka 1861, kwa maneno mawili ya Kigiriki: la kwanza ni msokoto, la pili ni bawa. Mkato wake wa haki ni heliko-pta. Wanaokatiza "heli" na "kopta" wanavunja neno mahali pasipo na kiungo, wala hakuna atakayewazuia sasa. Kwetu wengi husema "chopa", neno lililonogeshwa na misimu ya kampeni, mgombea anaposhuka kwenye uwanja wa mpira na vumbi likawapokea wapiga kura kabla yake. Ninachokipenda katika habari za d'Amécourt ni kwamba chombo chake kilikuwa kielelezo kidogo cha mvuke, nacho hakikupaa. Jina lilianza kwa vidogo, miongo kadhaa kabla ya mashine ya kubeba mtu kunyanyuka kwa maana. VS-300 ya Igor Sikorsky ilijiinua mwaka 1939. Za kuongozwa kwa redio zilikawia zaidi, hadi Mjerumani Dieter Schlüter alipozipatia utulivu kuelekea miaka ya 1970. Kwa hiyo anayeiita helikopta ndogo "toi" anamdharau mzee wa ukoo.

Juu ya kichwa cha helikopta watu wetu wanaona pangaboi, lile lile la darini. Neno hilo limesafiri kutoka India. Pankha ni kipepeo cha kupungia upepo, na boi ni kijana aliyekuwa akivuta kamba ya pankha la kitambaa ili bwana wa kikoloni asitoke jasho. Kijana amekwenda zake, kamba imekwenda, umeme umekuja, jina la kazi yake limebaki kwenye mashine. Pankha nalo kwa Kihindi ni ndugu wa neno la bawa. Mgiriki wa d'Amécourt na Mhindi wa pangaboi wamekutana kwenye bawa bila kuagana, na sijui istilahi iliyoundwa kwa vikao ambayo ingefika mbali hivyo.

Mafundi wamelifupisha wakapata "mapanga", na mwenye sikio la Kiswahili husikia yale ya kufyekea. Wasirekebishwe. Helikopta ya daraja la 450 ina mapanga ya milimita 325 kila moja, yanayozunguka kati ya mara 2,500 na 3,000 kwa dakika. Ncha ya panga inapita kilomita 300 kwa saa. Linafyeka kweli. (Hiyo 450, kwa njia, ni jina la daraja tu, si kipimo cha panga, ilhali kwenye 600 na 700 namba inakaribiana na urefu wa panga. Wengi wameagiza mapanga yasiyoingia kwa kuamini namba.)

Penye ugomvi hasa ni kile Waingereza wanachokiita kwa neno moja linalobeba pia uwanja wa mpira, lami na kiwango cha sauti. Sisi tunaweza kusema mwinamo: jinsi panga lilivyoinamishwa linapokata hewa. Helikopta za bei nafuu zina mwinamo uliofungwa. Ukitaka kupanda, unazungusha mapanga kwa kasi zaidi. Ukitaka kushuka, unapunguza, na kwa kuwa mapanga hayaongezi wala kupunguza kasi papo hapo, chombo kinakuitikia kwa kuchelewa. Zile kamili huzungusha mapanga kwa kasi ile ile wakati wote na kubadili mwinamo. Panga likiinama digrii 5 au 6 hivi, helikopta inaangama. Zaidi ya hapo inapanda. Chini ya sifuri inasukumwa kuelekea ardhini, na hapo ndipo wajuzi wanaporuka kichwachini.

Miinamo hiyo ni miwili, na hapa majina yakikaa vizuri somo la wiki nzima linafupika. Mapanga yote yakiinama kwa kiasi kimoja, chombo hupanda au kushuka: huo ni mwinamo wa pamoja. Lakini panga linaweza pia kuinama zaidi linapopita upande mmoja wa duara na kupungua linapopita upande wa pili, kila moja likifika mahali pake kwa wakati wake. Chombo kikalala mbele, nyuma, kushoto au kulia. Nauita mwinamo wa zamu. Aliyewahi kulinda lindo anaelewa: kazi ni ile ile, anayeishika anabadilika.

Kinachogawa zamu hizo ni kisahani kilichopo chini ya kichwa cha mapanga. Nusu yake ya chini haizunguki, inasukumwa na sevo, vimota vidogo vinavyotii rimoti. Nusu ya juu inazunguka pamoja na mapanga na kufuata ulalo wa ile ya chini. Kiingereza kimekipa jina lisilomsaidia mgeni. Wajerumani wamekiita sahani inayoyumbayumba kama aliyelewa, na wamepatia, kwa sababu ukikitazama helikopta ikiwa mezani na mota imezimwa, huku ukichezesha vijiti, ndivyo kinavyofanya: kinalala huku, kinainuka kule, kinarudi. Kiswahili kina kupepesuka. Kisahani pepesuka, basi, na atakayecheka atalikumbuka.

Mota ikizungusha mapanga upande mmoja, kiwiliwili hutaka kuzunguka upande wa pili. Pangaboi dogo la mkiani ndilo linalokizuia, na anayeliamrisha ni jairo. Tuliandike kwa j, kama linavyotamkwa, maana tukiandika gairo mtu wa Morogoro atadhani tunazungumzia wilaya yake. Zamani jairo la helikopta lilikuwa na gurudumu linalozunguka kweli, na jina la pia, ile ya watoto, lingelitosha. Siku hizi ni kichipu kisichozungusha chochote, kwa hiyo pia imepitwa na jairo libaki. Anayeanza asinunue helikopta isiyo nalo.

Kuna jambo vitabu vya maelekezo hulipita haraka. Pangaboi la mkiani linaposukuma hewa ili kuzuia mzunguko, linakisukuma na chombo kizima pembeni. Helikopta nyingi za rimoti, ambazo mapanga yake ukiyatazama kutoka juu yanazunguka kama mishale ya saa, husogea kushoto, hivyo huangama zikiwa zimelalia kulia kidogo. Mgeni huona ulalo huo, akadhani amekosea kufunga kitu, akashuka kutafuta bisibisi. Hajakosea. Wima kamili ndiyo ingekuwa kasoro.

Kwenye redio kuna neno zuri ambalo halijapata soko: kitenzambali. Limeundwa vizuri, linasomeka, linaeleweka bila kamusi. Ukiingia nalo dukani utaulizwa mara mbili, kisha utasema rimoti. Nami husema rimoti. Muhimu ni chaneli, yaani njia za amri: nne zinatosha kwa mwinamo uliofungwa, lakini ule wa pamoja unataka sita. Vijiti navyo vina mpangilio. Ulioenea zaidi unaweka kupanda na mkia kwenye kijiti cha kushoto, mwinamo wa zamu kwenye cha kulia. Chagua unaotumiwa na walio karibu nawe, kwa kuwa vidole vikishazoea ni vigumu kuvigeuza. Washa rimoti kwanza, ndipo uchomeke betri kwenye helikopta. Ukimaliza, chomoa betri kwanza, rimoti izimwe mwisho. Na swichi ya kukata mota iwe imebanwa kila unapoibeba.

Betri ndiyo sehemu ambayo mwenye simu ya mkononi anaijua tayari, maana "imevimba" ni neno la kila siku. Hizi ni za litiamu, na kila seli ina volti 3.7 za kawaida, 4.2 ikijaa. Seli tatu mfululizo ni volti 11.1. Zichajiwe kwa chaja inayosawazisha seli moja moja, juu ya kitu kisichoshika moto, mwenyewe ukiwa macho. Usizitumie hadi zikauke. Iliyovimba isichajiwe tena, hata kama mwenye nayo analia.

Droni tumeziita "ndege nyuki", na pia "ndege isiyo na rubani". Jina la pili halina kweli: rubani yupo, amesimama chini, na kwa asili rubani ni mtu wa bahari anayejua njia ya chombo. Nyingi za droni zinazopiga picha, ukiachia vijiti, hubaki pale pale. Kompyuta na satelaiti ndizo zinazoangama kwa niaba yako. Helikopta ya kawaida ya rimoti haina msaidizi huyo. Aliyezoea droni akadhani ameshajua ndiye huvunja haraka kuliko aliyekuja bila kujua chochote.

Siku za mwanzo helikopta iangame mkia ukiwa kwako, ili kulia kwake kuwe kulia kwako. Mabaharia wangesema tezi kwako na omo mbele. Nililitamani neno hilo, lakini leo ukisema tezi watu wanawaza hospitali, basi mkia. Ikigeuka na kukutazama, kulia na kushoto hubadilishana, na mikono hukataa kuamini. Ndiyo maana kitu cha kwanza cha kununua si helikopta. Ni kiigaji, programu ya kompyuta inayochomekwa rimoti halisi, ambapo panga likivunjika unabonyeza kitufe. Ukishaweza kuangama humo katika pande zote nne, ndipo ununue chombo kidogo, chenye jairo, pamoja na mapanga ya akiba, giya za akiba, na alenki za milimita 1.5 na 2. Miguuni kifungie vijiti viwili vilivyopishana, vyenye mipira ncha zake, kisipinduke kwa urahisi kinapotua vibaya.

Kabla ya kwenda uwanjani, kaulize mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako, KCAA kwa Kenya, TCAA kwa Tanzania, kuhusu usajili na kibali. Waeleze kwa Kiswahili unachotaka kurusha, na ukifika kwenye kitenzi, sema kuangama.