Amari, Magadi na Gati: Historia ya Kufunga Chombo Pwani ya Kenya

Kulamawe, kituo cha wafugaji kilichoko mashariki ya mji wa Isiolo kwenye barabara iendayo Modogashe, hakina bahari wala mto wa kuelea jahazi, na jina lake lenyewe latosha kueleza ardhi yake. Hata hivyo, tangu Machi 2, 2012, ulipozinduliwa Lamu mpango wa LAPSSET, yaani ukanda wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta unaokusudiwa kuiunganisha pwani na Ethiopia na Sudan Kusini kwa kupitia Isiolo, namna meli inavyofungwa baharini imekuwa jambo linaloihusu nyika hiyo pia.

Lugha imehifadhi historia ya kazi hii, kwani jahazi hutia nanga, ilhali meli hufunga gati. Kwa karne nyingi ukuta wa kufungia chombo haukuhitajika sana, kwa kuwa wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, bahari ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na chombo kilichokazwa kwa kamba fupi wakati wa maji kujaa kingeweza kuikata au kuning'inia nayo yakipwa. Mabaharia waliitumia tabia hiyo badala ya kushindana nayo: walikipeleka chombo ufukweni kwa maji makubwa, wakakiacha kipwelewe, wakakitegemeza kwa magadi, ambayo ni miti ya kukizuia kisilale ubavu, na shehena ikateremshwa kwa mabega ya wachukuzi. Mtepe wa visiwa vya Lamu, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, uliifaa sana desturi hii, maana ulinyumbuka ulipogusa mchanga.

Kamba yenyewe ilitoka katika mnazi. Makumbi yalifukiwa katika mchanga wa bahari kwa miezi kadhaa, yakapondwa mpaka ukapatikana usumba, yaani nyuzi za nazi, kisha ukasokotwa. Kamba ya usumba ina nguvu ndogo kuliko ya mkonge, mmea uliofikishwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka 1893, lakini huelea, huvumilia chumvi na hurefuka chombo kinapovutwa na wimbi, sifa ambazo kwa amari, kamba ya nanga, ni bora kuliko nguvu tupu.

Adui naye aliijua thamani ya amari. Mwezi wa Aprili 1498, merikebu za Vasco da Gama zilipokuwa zimetia nanga Mombasa, watu wa mji waliziendea usiku kwa kuogelea na kuanza kuikata amari ya mojawapo, Berrio. Shajara ya safari hiyo inasimulia kwamba walinzi waliwadhania kwanza kuwa ni jodari. Mpango ulikuwa wa busara, kwa sababu chombo kisicho na amari huachwa mikononi mwa mkondo na miamba, bila haja ya mizinga.

Mageuzi yalikuja na mvuke na reli. Kilindini, ambako vifaa vya Reli ya Uganda viliteremshwa kuanzia 1896, kulipata magati yake ya kwanza ya maji makuu mwaka 1926, na chombo kikaanza kuegeshwa ubavu kwa ubavu na nchi kavu. Hapo kamba moja haitoshi: za omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, huelekea mbele, za tezi, yaani sehemu ya nyuma, huelekea nyuma, za ubavuni huivuta meli kwenye ukuta, na nyingine hutoka omo kurudi nyuma na kutoka tezi kwenda mbele ili isiteleze kandokando ya gati. Bahari haikuacha kupanda na kushuka kwa sababu ya saruji, hivyo baharia wa zamu hana budi kuzilegeza na kuzikaza kamba hizo kwa winchi, akijihadhari na nailoni, ambayo ikikatika hurudi kama mjeledi na huweza kuua.

Katika Ghuba ya Manda, Lamu, magati matatu ya kwanza yalipangwa kuwa na urefu wa mita 400 kila moja, na Mei 20, 2021 MV CAP Carmel ikafunga gati la kwanza, katika maji yaleyale ambako mitepe iliwahi kusubiri maji yapwe.