Retablo: Sanduku la wafugaji wa Andes lililogeuka shahidi wa vita

Retablo ni sanduku la mbao lenye milango miwili, ambalo ndani yake hupangwa sanamu ndogo zilizopakwa rangi za kung'aa. Ni sanaa ya eneo la Ayacucho, katika milima ya Andes nchini Peru. Sanamu zake hufinyangwa kwa kinyunga cha unga wa jasi na viazi vilivyochemshwa.

Awali liliitwa sanduku la Mtakatifu Marko. Ghorofa ya juu ilikuwa makao ya watakatifu walinzi wa mifugo: Marko wa ng'ombe, Yohana Mbatizaji wa kondoo na Agnesi wa mbuzi. Ya chini ilionyesha maisha ya wafugaji, ambao walilitumia katika ibada za kutia mifugo alama.

Katika miaka ya 1940, mchoraji Alicia Bustamante alimhimiza fundi Joaquín López Antay (1897-1981) kufinyanga pia maisha ya kila siku. Ndipo masoko, mavuno na sherehe za vijijini zilipoingia sandukuni, na wakazi wa mijini wakawa wanunuzi.

López Antay alipotunukiwa Tuzo ya Taifa ya Utamaduni mwaka 1975, baadhi ya wachoraji walilalamika wakidai kuwa kazi ya fundi wa kijadi haistahili kulinganishwa na sanaa yao.

Miaka mitano baadaye, kundi la waasi la Sendero Luminoso lilianzisha vita huko Ayacucho. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilikadiria mwaka 2003 kuwa watu 69,280 waliuawa au kutoweka kati ya 1980 na 2000. Asilimia 75 ya waliokufa walikuwa wasemaji wa Kiquechua au lugha nyingine za wenyeji.

Edilberto Jiménez, mwanaanthropolojia na mwana wa fundi Florentino Jiménez, aliyaweka mateso hayo ndani ya retablo, kwa kufinyanga mauaji na maombolezo ya wanavijiji ambao sauti zao hazikufika mjini Lima. Nduguye, Nicario, aliyehamia Marekani, alifinyanga masaibu ya wahamiaji wanaovuka mpaka.

Mwaka 2019, Peru iliitangaza retablo ya Ayacucho kuwa urithi wa utamaduni wa taifa. Hivyo, kazi iliyowahi kudharauliwa kuwa ya ufundi tu ilitambuliwa rasmi, ikiwa imehifadhi ndani ya milango ile ile miwili ibada za wafugaji na kumbukumbu za waliouawa.