Mshahara wa mkononi na ule wa kwenye karatasi

Mwaka 1961, mwaka mmoja baada ya uhuru, Kongo iliunda INSS, shirika la kutunza pensheni ya wafanyakazi. Chini yake mfanyakazi alikatwa asilimia 3,5. Sheria ya Julai 2016 ikaleta CNSS; leo anakatwa asilimia 5.

Mwenye duka akimwahidi mfanyakazi franka 380.000 kabla ya kodi, asiandike kiasi hicho hicho. Akiongeza asilimia 5 anapata 399.000, bado hazitoshi. Agawe 380.000 kwa 0,95: mshahara kamili ni 400.000.

Pensheni hufuata mshahara uliotangazwa. Vita ikimkimbiza mfanyakazi na duka likafungwa, haki yake ya uzeeni inategemea kilichoandikwa.