Kanga Huyu na Kanga Hii

Katika Bwejuu, pwani ya kusini mashariki ya Unguja, mwanamke aendaye kulima mwani hujifunga kanga. Na kanga pia ni ndege, ambaye huelezwa kuwa nguo ilirithi jina lake kwa sababu ya madoadoa. Mtu anenapo "kanga huyu" au "kanga hii", msikiaji hutambua mara moja kitakiwacho, kwani upatanisho wa sarufi umekwisha kumfunulia nia. Walakini atafutaye picha kwa mashine huandika neno moja tupu, na ushahidi ule hupotea.

Google ilipoanzisha utafutaji wa picha mwaka 2001, mashine ilitegemea maneno yaliyoizunguka picha. Mwaka 2021 kampuni ya OpenAI ilitoa CLIP, akili bandia iliyofunzwa kwa jozi milioni 400 za picha na maandishi. Humo neno na sura huweza kupimwa pamoja. Lakini ilikusudiwa kwa Kiingereza, lugha isiyotofautisha ndege na nguo kwa upatanisho.

Basi asiyefahamiwa hupewa picha za haja ya wengine. Mashine itakayo kujua nia ya mtu wa Bwejuu haina budi kujifunza kwanza sarufi yake.