Kundi la Baleti Lililozaliwa Gerejini

Neno baleti likitajwa, wengi wetu hujengewa akilini picha ya mabinti wa Ulaya waliovaa sketi nyeupe, wamesimama juu ya ncha za vidole. Picha hiyo si ya uongo, bali ina upungufu. Katika makala haya twakusudia kueleza habari za Dance Theatre of Harlem, kundi la wacheza baleti weusi wa mjini New York, ambalo lilikuwa darasa kabla ya kupanda jukwaani. Kwa ajili hiyo latuhusu sisi walimu.

Mwanzilishi wake, Arthur Mitchell, alizaliwa mwaka 1934 huko huko New York. Mwaka 1955 aliingia katika New York City Ballet, na mwaka 1957 mtunzi George Balanchine alimchezesha katika Agon pamoja na Diana Adams, mwanamke mzungu. Katika Marekani ya siku zile, mwanamume mweusi kumshika mkono mwanamke mweupe mbele ya watazamaji halikuwa jambo dogo.

Tarehe 4 Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa. Wakati huo Mitchell alikuwa akisaidia kuunda kundi la baleti nchini Brazil. Habari ilipomfikia alijiuliza kwa nini aende mbali kufanya kazi ambayo mtaa wake mwenyewe uliihitaji. Akarudi Harlem, akaanza kufundisha watoto katika gereji. Kwa kuwa palikuwa na joto aliacha mlango wazi, na wapita njia wakasimama kutazama. Wavulana walioona haya kuvaa nguo za kubana aliwaruhusu wacheze na suruali zao za jinzi. Walioanza walikuwa 30. Baada ya miezi michache wakawa kama 400. Mwaka 1969 yeye na Karel Shook, mzungu aliyekuwa mwalimu wake, wakaunda kundi rasmi.

Kulegeza mavazi hakukuwa kulegeza mafunzo. Magoti yalikunjwa na kunyoshwa kila siku kwa kanuni zile zile za Ulaya. Lakini yako mambo ambayo kanuni hizo hazikuyafikiria. Soksi ndefu na viatu vya baleti vilikuwa vya rangi ya waridi, rangi inayokaribia ngozi ya mzungu, ili mguu uonekane mstari mmoja toka nyonga hadi kidole. Kwa mchezaji mweusi rangi hiyo huukata mwili vipande viwili. Basi Harlem wakaanza kupaka rangi soksi na viatu, kila mchezaji kwa kadiri ya ngozi yake. Kwa maoni yetu, hakuna aliyeielewa kanuni ile vizuri kuliko hao walioivunja.

Michezo yao ilichotwa pande nyingi. Walicheza kazi za Balanchine. Walicheza Dougla ya Geoffrey Holder, yenye arusi ya Waafrika na Wahindi wa Trinidad. Mwaka 1984 waliichukua Giselle, kisa cha msichana wa kijijini anayedanganywa na kijana wa kabaila, wakakihamishia Louisiana ya karne ya 19, kati ya weusi waliokuwa huru. Huko heshima ya mtu ilipimwa kwa idadi ya vizazi vilivyomtenga na utumwa. Hatua za miguu zilibaki zile zile; kilichobadilika ni uzito wa kisa.

Mwaka 1992 walikwenda Afrika Kusini, na pamoja na kucheza wakafundisha, kwani popote walipofika desturi yao ilikuwa kukutana na watoto.

Mwaka 2004 madeni yalilishinda kundi, likaacha kupanda jukwaani kwa miaka 8. Shule haikuachwa ife. Jukwaa likiwa kimya, watoto wa Harlem waliendelea kufundishwa. Mwaka 2012 kundi lilirudi likiongozwa na Virginia Johnson, mmoja wa wachezaji wake wa mwanzo, yule aliyekuwa Giselle wa mwaka 1984. Mitchell alikuwa hai bado. Alifariki mwaka 2018.